Kwa Skola, Niliyemfundisha Kushika Wagonjwa

Mpendwa mwanangu Skola,

Nimeambiwa umepewa jina jingine huko utawani. Mama yako alinitajia sokoni, nikalirudia mdomoni njia nzima, lakini nilipofika nyumbani likanipotea. Nisamehe. Kwangu wewe ni Skolastika wa Mwimbi, mwanafunzi wangu, na nitaendelea kukuita hivyo. Nimeambiwa pia kwamba barua zenu husomwa kwanza na mama mkubwa wa nyumba. Basi naye aisome. Sina la kumficha, na kwa umri huu sina hata nguvu ya kuficha.

Nakuandikia nikiwa hapa nyumbani Izia, Sumbawanga, jioni, miguu nimeitumbukiza kwenye beseni la maji ya moto. Leo nilipanga foleni ya sabuni tangu duka la ushirika lilipofunguliwa, na zamu yangu ilipofika sabuni zikawa zimekwisha. Nikaingia kazini nikiwa nimechoka tayari, nikafanya kazi, nikarudi. Upepo wa mwezi wa saba unaujua mwenyewe unavyopita chini ya mlango. Nimejifunga kitenge juu ya sweta na bado naona baridi.

Nakumbuka siku ulipofika. Nilikuwa nimekiomba chuo kiniletee mwanafunzi wa kufanya mafunzo ya vitendo, na moyoni nilitarajia kijana wa kiume mwenye mabavu, kwa sababu wagonjwa wetu wengi walikuwa wakulima wenye miili mizito na bega langu la kulia lilikuwa limeanza kunikatalia. Ukashuka wewe kwenye lori la mbolea, mwembamba, na sanduku lako la bati, vumbi limekujaa mpaka kwenye kope. Ukapiga goti kidogo ukasema, "Shikamoo mama." Nikaitikia, nikakutazama, nikauliza, "Ndiyo wewe?" Ukajibu, "Ndiyo mimi."

Nikakuonyesha chumba chetu pale hospitali, ambacho watu wote walikiita kwa mama wa mazoezi. Vitanda viwili, bomba mbili ndefu alizotuchomelea fundi wa idara ya maji ili wagonjwa wazishike wanapojifunza kutembea, kioo kilichopasuka pembeni, magongo ya mti yameegemezwa ukutani. Ukauliza vifaa vingine viko wapi. Nikakuambia hakuna vingine, na kwamba chai huwa saa nne.

Mwanzoni mikono yako ilikuwa migumu. Chuoni ulisoma vizuri, mifupa na misuli yote uliitaja bila kukosea, lakini ukimshika mtu ulimshika kama anayefunga mzigo kwenye baiskeli. Yule karani wa Boma aliyepata kiharusi aliniita kando akasema, "Mama, huyu binti ananivunja na ule upande uliobaki." Ulimsikia. Ulitoka ukaenda kulia nyuma ya stoo. Nilikuacha ulie, kisha nikakuita, nikafunga mlango, nikapanda kitandani nikalala mimi.

"Shika bega langu," nikakuambia. "Hili bovu. Usiliinue mpaka nikuambie."

Ukaweka mikono. Nikakuambia ungoje tu, ungoje mpaka uhisi nyama zimeacha kukuogopa. Tulikaa hivyo muda mrefu, wewe umesimama na mimi nimelala, tukisikia wauguzi wakipita koridoni na ndoo zao, mpaka ukasema kwa sauti ndogo, "Limelegea." Nami nilihisi limelegea. Miaka yote ile nilikuwa nikishika watu, Skola, na hakuna aliyekuwa amenishika mimi. Sikukuambia. Nilishuka kitandani nikakuambia sasa nenda kwa karani, kamwombe radhi, uanze upya. Baada ya wiki chache karani yule akawa hataki kuhudumiwa na mimi, anauliza, "Yule binti yuko wapi?"

Halafu akaletwa Deusi.

Ulikuwa mwaka ule watu walipokuwa wanahamia vijiji vipya, na nyumba zilijengwa haraka haraka kuwahi mvua. Deusi na mkewe Tekla walikuwa wamehamia kijiji kimoja upande wa Milepa, kule bondeni. Alikuwa juu ya paa anaezeka nyasi, mti ukakatika. Walimleta nyuma ya lori, amelazwa juu ya mlango walioung'oa, akapandishwa mlima wote ule kwa mitikisiko. Daktari alipompima akakuta uti wa mgongo umevunjika. Kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi kitu, hata alipochomwa sindano. Tekla alikuwa na mimba kubwa, akabaki kijijini.

Mimi ni mtu wa Tukuyu niliyeletwa huku na uhamisho wa serikali, na Kifipa changu kilikuwa cha kununulia maharage tu. Deusi alikijua Kiswahili, lakini maumivu na hofu yake vilitoka kwa Kifipa, na wewe ndiye uliyekuwa unamwelewa. Nilifurahi kwamba amepata mtu wa kuongea naye. Nikawa nawaacha wawili, wewe unamnyoosha miguu asikakamae, yeye anasimulia. Siku moja nilisikia anacheka. Nikakuuliza baadaye alikuwa anasema nini.

"Ameniuliza kama atatembea."

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia ndiyo, ila polepole."

Nilikushika mkono nikakutoa nje, tukasimama kwenye jua karibu na kamba za kuanikia mashuka. Nilikuambia umemwahidi kitu ambacho huna. Ukasema, "Mama, nilishindwa. Amelingana na kaka yangu." Nikakuambia kesho utarudi kwake umwambie ukweli. Ukakasirika. Ndiyo siku pekee uliyonipandishia sauti. Ukasema, "Wewe ndiye mwalimu, mwambie wewe."

"Nikimwambia kwa Kiswahili ataniitikia tu ndiyo mama, ndiyo mama, kisha atakuuliza wewe tena," nikasema. "Wewe ndiye anayekuamini. Ndiyo maana ni wewe."

Kesho yake ulivuta stuli ukakaa karibu na kichwa chake. Mimi nilijifanya nafunga bandeji upande wa pili. Sikuelewa maneno yako, lakini nilielewa uliposema, maana uso wake ulitulia kabisa, kisha akaugeuzia ukutani. Alikataa uji asubuhi hiyo, na kesho yake, na siku zilizofuata. Alikataa kuguswa. Ulikuwa unaenda hata siku zako za mapumziko kukaa kwenye ile stuli, bila kusema kitu, naye bila kukugeukia. Nilitaka kukuambia inatosha, nenda ukapumzike, lakini niliona hukuwa unafanya vile kwa ajili yangu wala kwa ajili ya chuo.

Tekla alikuja na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa amejifungua kijijini, akangoja apate nguvu, akapanda lori. Alisimama mlangoni mwa wodi, akamwangalia mumewe aliyelala ameupa mlango mgongo, akasema maneno machache. Wewe ulinitafsiria: "Anasema, mpokee mwanao, mikono imenichoka." Basi. Hakulia, hakumbembeleza. Deusi alijaribu kuinuka, akashindwa, akaanguka kwenye mto. Ndipo akakutazama wewe, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alikuomba umfundishe kukaa.

Miezi ile ndiyo mizuri kuliko yote niliyowahi kufanya kazi, na nadhani unajua. Tulimfundisha kukaa bila kuegemea. Tulimfundisha kujigeuza kitandani, kujiinua kwa mikono kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Fundi seremala akamtengenezea kigari cha chini cha ubao, na magurudumu ya toroli. Tekla tulimfundisha kumkagua mgongo na matako kila siku, atafute ngozi iliyobadilika rangi, kwa sababu mtu asiyehisi hajui anapoumia. Ulimrudisha nyuma kila alipoharakisha. "Tena," unamwambia, "nionyeshe tena." Nilikaa pembeni nikakutazama, nikasema moyoni, huyu ndiye atakayebaki na chumba hiki, nami nitarudi kwetu.

Ulipomaliza chuo ungeweza kupangiwa popote. Wenzako waling'ang'ania miji mikubwa. Wewe ukaomba Sumbawanga, na siku uliporudi nilikupikia ndizi za kwetu nilizoletewa na dereva wa basi kutoka Tukuyu. Ulikula ukasema zinahitaji chumvi.

Tukawa wawili. Kila gari la chanjo lilipokwenda vijijini mmoja wetu alipanda, akawaona watu wetu huko huko kwao. Ulipita Mwimbi, ukawaona wazazi wako na watoto waliopooza miguu kwa polio. Ulishuka Milepa, ukarudi unaniambia Deusi amenenepa, anasuka mikeka, anagombana na viongozi wa kijiji kutoka kwenye kigari chake. Nilicheka mpaka bega likauma.

Kisha, baada ya vita, petroli ikawa ya kibali. Mwaka ule mvua zilipoanza Landrova iliegeshwa, na haikutoka kwa ajili yetu masika yote. Ulikwenda kwa mganga mkuu, ukaenda Boma, uliwauliza madereva wa malori nani anashuka Milepa. Naye mganga mkuu hakuwa na ubaya, alikuwa na tone la petroli la kupelekea wajawazito waliokwama, akachagua wajawazito. Mimi ningechagua hivyo hivyo.

Kiangazi kilipoanza tulipata gari, tukaenda wote wawili. Tekla alikuwa anapepeta ulezi nje ya nyumba. Alipoliona gari alisimama, akajifuta mikono, hakuja kutupokea. Tukajua kabla hatujashuka. Alituambia mvua zilipokuwa kubwa aliugua malaria, akalala siku nyingi hajitambui. Majirani walimletea Deusi chakula, walimletea maji, walikuwa watu wema. Hakuna aliyemgeuza. Hawakujua kwamba anatakiwa kugeuzwa, na yeye aliona aibu kumwomba mwanamke wa jirani amtazame matako. Tekla alipopata nafuu akakuta kidonda kimefika kwenye mfupa. Alisema, "Nilimwosha kama ulivyonionyesha, dada. Kilikuwa kimeshaingia ndani." Wewe ulimshika mikono ukaishikilia. Tulikwenda kaburini, tukarudi, tukanywa togwa aliyotupa, tukapanda gari.

Hukulegea kazini baada ya hapo. Ulifika mapema kuliko mimi. Ulianza kupitia misa ya asubuhi kwanza, na mimi, Mmoraviani, sikuona ajabu, nilifikiri ni faraja ya kawaida ya mtu aliyefiwa. Mpaka siku ile tulipokuwa tunakunja mashuka ukaniambia, bila kuniangalia, "Mama, nimeomba kuingia utawa. Wamenikubali."

Nilikuuliza nani atabaki na wagonjwa. Hilo ndilo lililonitoka kwanza.

"Siwakimbii wagonjwa, mama."

"Unakimbia nini?"

Ulikunja shuka lote, ukalilaza juu ya mengine, ukalinyoosha. Ukasema, "Kila ninayemgusa ananiuliza. Hata asipofungua mdomo, ananiuliza. Sina la kumjibu. Nataka nikae mahali ambapo na mimi nauliza."

Nilitaka kukuambia hata mimi sijawahi kuwa na jibu, na bado nimeamka kila siku. Lakini nilikupa ncha ya shuka jingine, nikakuambia tumalizie mashuka.

Kuna jambo hujawahi kulijua. Wiki ile mama yako alikuja hapa Izia kutoka Mwimbi, na kapu la unga wa ulezi kichwani. Alikaa kwenye mkeka, akaniambia wewe ni binti yake wa pekee, kwamba alitaka wajukuu, kwamba baba yako anakaa tu shambani mpaka giza. Kisha akasema, "Anakusikiliza wewe. Mwambie abaki, atabaki."

Ilikuwa kweli. Sisi wote wawili tulijua ni kweli. Wakati ule nilikuwa nimeletewa habari kwamba mama yangu mzazi Tukuyu ameanguka, hawezi kutoka kitandani. Ningekuambia hilo tu. Ningesema, Skola, mama yangu anaumwa, bega langu limekwisha, nishikie chumba niende kumuuguza. Ungebaki. Ungebaki mwaka, ungebaki kumi, usingenilaumu hata siku moja, na ungezidi kukonda. Nilimwambia mama yako nitafikiri. Nikafikiri usiku na mchana, nikaja kazini, nikakukuta umemwinamia mtoto mmoja wa polio unamfunga vyuma vya mguu, unamwimbia. Ulipoinua uso nikaona jinsi ulivyochoka. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikakuuliza kama umekunywa chai.

Mama yako hakunisalimia kwa muda mrefu. Siku ya kukusindikiza alikaa mbali nami, na alipopiga vigelegele alipiga akilia. Tumepatana sasa. Ndiyo maana amenitajia jina lako sokoni.

Mama yangu alifariki katika mvua zilizofuata, barabara ya Tunduma imekatika, na chumba hakina mtu mwingine. Walimzika bila mimi. Nilipopata lori nilikuta ndugu wameshatawanyika, udongo umeshatulia. Sikuambii haya ili yakuumize. Nakuambia kwa sababu ulinizoea nikisema ukweli, na ukweli ni kwamba sikufurahi ulipokwenda. Nilikasirika nilipoambiwa wamekupeleka mkoa mwingine kulea wasichana wa bweni. Nilisema kwa sauti, nikiwa peke yangu, kwamba mikono niliyoifundisha miaka yote ile sasa inasonga ugali wa shule. Hasira hiyo ilikaa nami, tukaamka pamoja na kulala pamoja. Siku hizi siioni. Sijui iliondoka lini. Nadhani ilichoka kama mimi.

Kazini ni vile vile, na pungufu. Plasta ya kugandishia miguu hatujapata tangu mwaka jana. Watoto wenye nyayo zilizopinda nawafunga kwa vitambaa vya mashuka makuukuu, na mama zao nawafundisha kunyoosha. Wanafunzi wawili walitumwa baada yako. Mmoja aliugua akarudi kwao, mwingine alinisikiliza vizuri sana, akashika vizuri sana, na alipomaliza akapata kazi nje ya nchi. Alikuja kuniaga kwa adabu. Nilimwombea safari njema, nikarudi ndani kumwinua mgonjwa, bega likanikatalia katikati. Mgonjwa akaniangukia, tukaanguka wote wawili sakafuni, mzee wa watu na mimi. Hakuumia. Tulikaa pale chini tukingoja muuguzi apite, na yule mzee akanipa pole mimi.

Kwa hiyo nimefanya hivi, Skola. Niliomba tena uhamisho wa kurudi kwetu, nao safari hii umekubaliwa. Sikuomba kazi ya hospitali. Nimeomba kazi ya kukaa mezani, na kama haipo nimeomba kustaafu. Mganga mkuu aliniuliza nani ataachiwa chumba. Nilimwambia sijui. Akasema atawaandikia tena wizarani. Wagonjwa walio karibu nimewaonyesha mazoezi ya kufanya wenyewe, na ndugu zao wameona. Walio mbali sijawaaga. Vitanda viwili vimehamishiwa wodi ya wazazi, ambako wanalala wawili wawili. Leo kabla sijarudi nyumbani nilifunga mlango, nikamkabidhi muuguzi mkuu ufunguo.

Habari hizi husafiri. Mtu wa Mwimbi atakuja kukutembelea, atakuambia kwa mama wa mazoezi pamefungwa, na nakujua, utakwenda kanisani ukapige magoti ujiulize kama ni kwa sababu yako. Nimekuwahi. Hakikufungwa kwa sababu wewe uliondoka. Ulipoondoka kilibaki wazi miaka. Kimefungwa kwa sababu mimi nimechoka, na nilipochoka nilisema.

Wewe je, umechoka? Mwambie huyo mama mkubwa, anayesoma hapa kabla yako.

Nakuaga hapa, maji ya beseni yamepoa. Kaa salama, mwanangu.

Ni mimi mwalimu wako, na kama utawa bado unaruhusu, mama yako wa Izia.